Tashbihi ya Jaji: Je, Mashine Isomayo ni Mwanafunzi?

Tashbihi ni tamathali ambayo watahiniwa wengi huiona nyepesi mno. Hulitafuta neno 'kama', 'mithili ya' au 'mfano wa', wakalipigia mstari, wakaitaja tamathali na kuendelea na swali lifuatalo. Mwalimu naye, kwa uchache wa muda, hutoa alama ya kutaja na alama ya mfano. Swali lililo gumu zaidi huachwa: je, tashbihi hii inafaa? Vitu viwili vinavyolinganishwa vinashirikiana sifa gani, na ni sifa zipi ambazo mlinganisho huo umezifunika? Katika makala haya tunanuia kuliuliza swali hilo juu ya tashbihi moja isiyotoka katika diwani wala riwaya. Imetoka mahakamani, San Francisco nchini Marekani, nayo inawahusu watoto wa shule, ingawa aliyeitoa hakuwa na shule ya Kenya akilini.

Mnamo Juni 2025, Jaji William Alsup alitoa uamuzi katika kesi ambapo waandishi watatu walikuwa wameishtaki Anthropic, kampuni inayounda modeli za akili mnemba (wengine husema akili unde). Lalamiko lao lilikuwa kwamba vitabu vyao vilinakiliwa bila idhini ili kuifunza mashine kuandika, na kwamba mashine hiyo ingezalisha maandishi tele ya kushindana na yao sokoni. Jaji alijibu kwamba lalamiko hilo la pili halitofautiani na la mtu anayenung'unika kuwa kuwafunza watoto wa shule kuandika vizuri kutaleta wingi wa maandishi yenye kushindana na ya waandishi. Penginepo katika uamuzi uo huo aliifananisha modeli na msomaji anayetamani kuwa mwandishi: husoma vya watu si ili avirudie bali ili azae kitu tofauti.

Siku mbili baadaye, jaji mwingine wa mahakama iyo hiyo, Vince Chhabria, alitoa uamuzi katika kesi ya waandishi dhidi ya kampuni ya Meta. Aliukosoa mlinganisho wa mwenzake waziwazi. Kumfunza mtoto kuandika, alieleza, si sawa na kuunda bidhaa ambayo mtu mmoja anaweza kuitumia kuzalisha maandishi yasiyohesabika kwa muda na jasho dogo mno. Hata hivyo, yeye pia aliamua kwa upande wa kampuni, kwa kuwa waandishi hawakuleta ushahidi wa kutosha kuhusu hasara yao sokoni. Basi tuna majaji wawili, hukumu zinazoelekea upande mmoja, na mzozo juu ya tamathali ya usemi. Mhakiki wa fasihi atakosaje la kusema?

Vipimo vinne na kimoja kinachokosekana

Ili tusimwonee jaji, yafaa kwanza tuielewe sheria aliyokuwa akiifasiri. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1976, katika kifungu cha 107, inaruhusu kinachoweza kuitwa kwa Kiswahili matumizi ya haki: mtu anaweza kuitumia kazi ya mwingine bila ruhusa iwapo matumizi yake yatapita katika vipimo vinne. Mahakama huangalia kusudi na sura ya matumizi, aina ya kazi iliyotumiwa, kiasi kilichochukuliwa, na athari kwa soko la kazi ile ya kwanza. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 1994 kuhusu wimbo wa mzaha uliotokana na wimbo wa mtu mwingine, kipimo cha kwanza kimekuwa na uzito sana, na swali lake kuu limekuwa hili: je, aliyeazima ameigeuza kazi ikawa na maana au kusudi jipya?

Ni kwa njia hiyo kampuni ya Google ilishinda mwaka 2015. Ilikuwa imenakili mamilioni ya vitabu ili watu waweze kutafuta maneno ndani yake, na mahakama ya rufaa ikaona kwamba faharasa ya kutafutia si badala ya kitabu. Hoja hii ina mantiki. Mwalimu anayetumia kamusi au faharasa anajua kwamba haimwondolei haja ya kukisoma kitabu.

Modeli za lugha hufanya kazi kwa namna nyingine. Maandishi hukatwakatwa katika vipande vidogo, na mashine hutakiwa kukisia kipande kitakachofuata. Kila inapokosea, tarakimu zilizo ndani yake hurekebishwa kidogo. Baada ya makisio mengi kupita kiasi, kinachobaki si rafu ya vitabu bali ni wingi wa tarakimu zilizobeba mazoea ya lugha: neno gani hufuatana na lipi, hadithi huanzaje, barua rasmi hufungwaje. Ndiyo sababu jaji aliona kwamba kazi imegeuzwa. Lakini yale yaliyorudiwarudiwa sana hubaki karibu mazima. Mnamo Novemba 2025 mahakama ya Munich, Ujerumani, iliamua dhidi ya kampuni ya OpenAI katika kesi ya maneno ya nyimbo tisa za Kijerumani, ikisema kuwa nyimbo hizo zilikuwa zimehifadhiwa ndani ya modeli na kuweza kutolewa tena. Hiyo ni sheria ya nchi nyingine na swali jingine, ila inatukumbusha kwamba kugeuza na kukariri vinaweza kukaa katika chombo kimoja.

Sasa tuitazame sheria ya kwetu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 haina mizani ya vipimo vinne iliyo wazi kwa kila jambo. Inataja makusudi: utafiti wa kisayansi, matumizi ya kibinafsi, uhakiki au mapitio, na kuripoti matukio ya wakati huo. Kisha inaweka sharti ambalo Wamarekani hawakuliweka katika vile vinne vyao, nalo ni kutaja chanzo. Hata kwa mkusanyiko wa kufundishia shuleni, sheria hiyo ilipopitishwa iliruhusu vifungu vifupi visivyozidi viwili kutoka katika kazi moja, na hapo pia chanzo kitajwe. Juu ya hayo, inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi na haki ya kupinga kazi yake kupotoshwa. Haki hizo si suala la fedha pekee. Ni suala la jina.

Jina la mtunzi

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili hapaswi kushangaa kwamba jina lina uzito huo. Tangu kale tenzi zimekuwa na dibaji na tamati, na katika tamati mtunzi hujitaja, huomba radhi kwa kasoro, na mara nyingine hutaja mwaka na idadi ya beti. Mwana Kupona aliufunga utendi wake kwa kuutaja mwaka wa Hijria wa 1275, yaani 1858 kwa kalenda tuitumiayo. Tumezoea kuwaambia watahiniwa kuwa hiyo ni sifa ya kimuundo. Naona tumeifanya sifa hiyo kuwa kavu mno. Katika zama ambazo shairi lilisafiri kwa vinywa na kwa mikono ya wanakili, tamati ilikuwa kufuli ya mlango. Aliyehesabu beti alijua kama kuna zilizopungua, na aliyelisikia jina alijua wa kumwendea.

Wala si kwamba watunzi hao walikataza kuazima. Ushairi wetu umeishi kwa kuazimana. Mfano ulio bora ni takhmisa. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, alilichukua shairi linalonasibishwa na Fumo Liyongo akalitungia takhmisa. Muundo wake unajulikana: ubeti una mishororo mitano, mitatu ya mtunzi wa pili na miwili ya yule wa kwanza. Tuutazame muundo huo kwa jicho la kesi yetu. Sayyid Abdalla ameigeuza kazi? Ameigeuza sana, ameipanua, ameifafanua, ameitia nguvu mpya. Amechukua kiasi gani? Amechukua shairi zima! Kwa kipimo cha tatu cha Wamarekani angekuwa mashakani. Lakini mishororo ya Liyongo imekaa pale pale mwishoni mwa kila ubeti, mizima, mgeni na mwenyeji wakionekana bayana. Ukitaka kuzitenganisha sauti hizo mbili, utahesabu tu mishororo. Hapo pana jambo ambalo vipimo vinne havikulifikiria: kuna kuchukua kwingi kusikomwibia mtu, kwa kuwa aliyeazimwa hajafutwa, na kuna kuchukua tone tone kwa watu elfu ambako hakuna hata mmoja wao anayeonekana tena.

Malumbano nayo yanatupa kipimo kingine. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata 1840, alirushiana mafumbo na washairi wa Lamu wakati wa uhasama wa miji hiyo miwili. Mshairi mmoja huyashika maneno ya mwenziwe, huyapindua, humrudishia. Huko ni kuazima kwa shari kabisa, lakini ni kuazima kunakomtambua mwenye maneno na kumwachia nafasi ya kujibu. Wanadharia waliokuja baadaye, Bakhtin kwa dhana ya usemezano na Kristeva kwa mwingilianomatini, wamelisema jambo linalokaribiana na hilo kwa istilahi nzito zaidi: kila matini husemezana na matini nyingine. Ni kweli. Ila usemezano huhitaji wasemaji. Modeli ya lugha imejaa mwangwi wa matini nyingi, lakini haimjibu mtu aliyeiandika matini, wala yeye hawezi kuijibu kwa kuwa hajui ni lini alisemeshwa.

Hapa kuna hoja ambayo sipendi kuiepa. Mashairi ya Muyaka yenyewe yametufikia kwa sababu kuna mtu aliyeyakusanya. Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa aliyatafuta na kuyanakili, pamoja na maelezo, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1940 William Hichens akachapisha diwani ya Muyaka kutokana na hazina hiyo, na miswada ikahifadhiwa London. Hakuna aliyeombwa ruhusa na warithi wa Muyaka, kwa kadiri tunavyoweza kusoma. Mashairi yalikuwa hadharani, yakisemwa mitaani. Kama wakusanyaji hao wangengoja idhini, huenda leo tungekuwa na jina la Muyaka bila mashairi. Anayetetea kuifunza mashine kwa maandishi yaliyo hadharani anaweza kuuliza: tofauti iko wapi?

Tofauti iko katika walichokihifadhi. Sikujua hakuyakusanya maneno ya Kimvita ili yachanganywe. Alihifadhi ni nani aliyesema, alikuwa akimjibu nani, na fumbo lilielekea wapi. Tukiliondoa jina, na tukaondoa tukio, shairi la malumbano hubaki vina na mizani tu. Isitoshe, kitu kuwekwa hadharani si kutupwa jalalani. Tangu gazeti la Mambo Leo lililoanza mwaka 1923 hadi kurasa za ushairi za Taifa Leo, mshairi wa gazetini amelitoa shairi lake kwa umma bila malipo makubwa, lakini chini yake ameandika jina, lakabu na mji. Alikuwa akisema: someni, imbeni, nijibuni. Mwaliko huo ulikuwa mpana, lakini ulikuwa mwaliko wa kumjibu yeye.

Jina lina upande mwingine, wa gharama. Abdilatif Abdalla alifungwa tangu 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kijitabu cha 'Kenya: Twendapi?' cha mwaka 1968, na mashairi aliyoyatunga gerezani ndiyo Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa 1973. Mwanafunzi anayeyasoma mashairi hayo bila kujua kwamba mtunzi alikuwa akiyalipia kila siku, amesoma nusu. Leo mashine inaweza kutunga shairi la mfungwa lenye vina safi na majonzi ya kutosha kwa dakika moja. Hakuna aliyefungwa.

Basi turejee kwenye tashbihi. Jaji ameona sifa moja ya pamoja: mwanafunzi husoma kazi za watu, hupata mazoea ya lugha, kisha huandika vyake. Sifa hiyo ni ya kweli na hatuna haki ya kuicheka. Lakini mwanafunzi tunayemfunza sisi hutakiwa pia kusema 'anavyosema mhusika fulani katika tamthilia fulani'. Hupunguziwa alama asipotaja muktadha wa dondoo: nani anamwambia nani, wapi, kwa nini. Aidha husoma vitabu vichache, ambavyo aghalabu kuna aliyevinunua. Huandika insha moja kwa kipindi. Huitwa mbele na kuulizwa alichokusudia. Na akikua akawa mwandishi, naye ataazimwa. Sifa hizi tano tashbihi ya jaji imezifunika zote. Ni tashbihi inayochukua tendo (kusoma) na kuliacha mbali jukumu linaloambatana nalo.

Soko la Kiswahili

Jaji Chhabria alikuwa sahihi kulielekeza jicho sokoni, ila soko la Kiswahili lina umbo lake. Riwaya au tamthilia ya Kiswahili nchini Kenya huuzwa kwa wingi inapoteuliwa kutahiniwa. Kando yake huishi soko la pili, la miongozo na maelezo: muhtasari wa matukio, maudhui, wahusika, maswali na majibu. Waandishi wa soko hilo la pili ni walimu. Wengi wameyaweka maelezo yao kwenye tovuti bure ili yawafae watahiniwa wasio na uwezo. Mashine inayokusanya kurasa za intaneti haihitaji kukinunua kitabu teule ili iweze kukizungumzia. Inatosha iyameze maelezo ya walimu. Kisha mtahiniwa huiuliza, naye hujibiwa kwa ufasaha usiokuwa na jina la mwalimu wala ukurasa wa kitabu. Mara nyingine jibu huwa ni sahihi. Mara nyingine humpa mhusika maneno ambayo hakuyasema, kwa kuwa kukisia ndiyo kazi mashine iliyofunzwa. Mtahiniwa ambaye hakukisoma kitabu hana njia ya kutofautisha.

Lakini kabla ya kuinyoshea kampuni kidole, tuseme ukweli wetu pia. Sehemu ya uamuzi wa Jaji Alsup ambayo haikutangazwa sana huku kwetu ndiyo inayotugusa zaidi. Alisema kuifunza mashine ni matumizi ya haki. Hata kununua kitabu, kukikata na kukinakili kwa ajili hiyo alikuruhusu. Alichokikataa ni maktaba ya nakala zaidi ya milioni 7 zilizopakuliwa kutoka katika hazina za wizi mtandaoni. Kwa maneno mengine, alitenganisha kusoma na namna ya kukipata kisomwacho. Ni shule ngapi ambamo riwaya teule huzunguka ikiwa nakala iliyopigwa picha, kutoka simu hadi simu, kutoka kundi la walimu hadi kundi la wazazi? Anayeituma husema ni kwa ajili ya elimu. Sheria iliyoruhusu vifungu viwili vifupi haikuruhusu kitabu kizima. Mwandishi aliyepoteza mauzo hayo hapati faraja yoyote kwa kuwa aliyemnyima ni mwalimu na si kampuni.

Kesi hiyo ilimalizika kwa mapatano ya dola bilioni 1.5, ambayo mahakama iliyapa kibali cha awali mnamo Septemba 2025. Ilikadiriwa kuwa vitabu 500,000 hivi vingelipwa takriban dola 3,000 kila kimoja. Masharti yake yafaa kusomwa kwa makini na kila mwandishi wetu. Kitabu kilitakiwa kiwe na nambari ya utambulisho kama ISBN, na kiwe kimesajiliwa katika ofisi ya hakimiliki ya Marekani ndani ya muda maalumu. Mwandishi wa Kiswahili ambaye kitabu chake kilisajiliwa Nairobi tu, au hakikusajiliwa popote, hakuhesabiwa, hata kama kitabu kilikuwamo katika maktaba ile.

Je, suluhisho ni kukifunga Kiswahili chote ndani ya sanduku? Sidhani. Maandishi ya Kiswahili mtandaoni ni machache yakilinganishwa na ya Kiingereza, na mashine isiyokisoma Kiswahili kilichoandikwa na wenyewe itakisema kwa sarufi ya kukopa na misemo iliyotafsiriwa. Tayari tunaisikia. Atakayeumia kwanza ni mwanafunzi anayeitegemea. Pana mfano wa njia nyingine katika mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla, ambako watu husoma sentensi za Kiswahili na kutoa sauti zao wakijua wazi zinakwenda wapi na kwamba yeyote ataruhusiwa kuzitumia. Hapo aliyetoa ameulizwa. Katiba ya 2010, ibara ya 11, inalitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha jamii zinalipwa utamaduni wao unapotumiwa, na mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii ikapitishwa. Kwa hiyo hata ngano na methali, ambazo tumezoea kuziita mali ya jamii kwa maana ya mali isiyo na mwenyewe, zina jamii inayostahili kuulizwa.

Kwa mwalimu wa kidato cha tatu anayetaka kulifikisha jambo hili darasani bila hotuba ya sheria, napendekeza zoezi la takhmisa. Kila mwanafunzi aandike ubeti wa mishororo miwili na kutia jina lake. Abadilishane na mwenzake, aombe idhini, kisha aiongezee mishororo mitatu juu yake kwa vina vile vile, na kuandika majina yote mawili. Raundi ya pili, mwalimu akusanye beti zote, azikatekate maneno, ayachanganye kofiani, na kila mmoja atunge ubeti kwa maneno atakayookota. Wanafunzi waulizwe ni wapi wanaona sauti yao, na ni nani wangetaka kumjibu. Kipindi kimoja cha dakika 40 kinatosha, mradi makaratasi yawe yamekatwa mapema.